Kompyuta Isiyotaka Ukuta

Ipo siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu. Ulikuwa mchana wa mvua, kule juu karibu na Itumbe, nikamwona mzee mgonjwa akipita mbele ya nyumba yenye taa na mlango wazi, na asiingie. Alilowa mpaka fimbo yake ikawa inamtelezea mkononi. Na kilichomtoa nje siku ile ni mashine niliyoinunua mimi.

Umeniuliza ununue kompyuta gani ndogo ya kusafiri nayo, isiyo ghali. Umenionyesha picha nyingi kwenye simu yako mpaka macho yakaniuma. Hizo za siku hizi sizijui. Ila wewe nakujua: hutulii mahali, kama mimi zamani. Kwa hiyo keti nikueleze ya kwangu, polepole, maana siku hizi hata kuzungumza kunanichosha.

Shule niliiacha mapema. Si kwamba nilikuwa mjinga, ni kwamba kila nilipokuwa darasani nilitaka kujua kuna nini nyuma ya kilima. Miaka ya tisini ilipoelekea mwisho nilikuwa nazurura tu kati ya Kisii na Nyamira. Leo napakia ndizi Ekerenyo, kesho nabeba majani chai Itumbe, wiki ijayo nachimba msingi wa nyumba ya mtu Birongo. Kila nilipofika niliuliza maswali, watu wakachoka na mimi, nikahama.

Kompyuta niliiona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la ofisi moja Kisii mjini. Dada mmoja alikuwa anaandika, akakosea neno, akalifuta, na pale lilipokuwa hapakubaki alama yoyote. Nilisimama pale dirishani mpaka askari akanifukuza. Nikafikiri: watu wa vijijini wote huja mjini kuchapiwa kadi za harusi na karatasi za mazishi. Itakuwaje kama mimi nitawafuata nyumbani kwao na kompyuta begani?

Basi nikaweka akiba kwa muda mrefu, nikala ndizi za kuchemsha mpaka nikazichukia, kisha nikaenda dukani kwa Mama Hansa.

Mama Hansa alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa Kisii. Aliuza redio, saa, vikokotoo, na kwenye kona kompyuta zilizokwisha tumika. Alinisalimia kwa Ekegusii, lugha yetu, safi kuliko nilivyotarajia, nikamwambia nataka kompyuta ya kusafiri nayo. Akatoa mbili, bei ileile. Moja ilikuwa ya kupakata, pana, ina skrini ya rangi, ilitoka ofisi fulani iliyofungwa. Ya pili ilikuwa ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Skrini yake ya kijivu, haina rangi, inakula betri mbili ndogo, zilezile za redio.

"Kijana, huko unakoenda utalala wapi?" akaniuliza.

"Popote, mama."

"Na stima utaitoa wapi? Hii kubwa betri yake imekufa. Bila ukuta wa kuichomeka haiwaki."

"Stima imefika Itumbe siku hizi."

"Imefika Itumbe," akasema, "lakini imefika kwa nani?"

Mimi, mwanangu, nilikuwa naitazama ile skrini ya rangi na kuwaza watu wa Ekerenyo watakavyosogea kuiona. Ile ndogo niliona itanifanya nionekane mtu anayepigia watu hesabu ya mahindi. Nikalipia kubwa. Mama Hansa akaifunga kwenye gunia safi, na akaniambia niikinge na mvua.

Uzito wa mashine, nikwambie, huusikii dukani. Unausikia siku ya tatu, ukiwa umeshaipandisha mlima na kuishusha. Bega langu la kushoto mpaka leo liko chini kidogo kuliko la kulia.

Itumbe nilifikia kwa rafiki yangu Nyakundi, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha chai. Alikuwa ameoa na kujenga nyumba yake kando ya barabara, na stima ameivuta. Baba yake, Mzee Onchari, alikaa chini kabisa ya shamba, ng'ambo ya kijito, katika nyumba isiyo na stima. Alikuwa anaumwa kifua, na wote walijua kwamba mwaka ule hatauvuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo kwa sauti, akiwa anakunywa uji.

Aliposikia nina mashine ya kuandika, akaniita. "Nataka uniandikie maneno yatakayosomwa siku ya mazishi yangu," akasema. "Nayataka sasa, niyasikie. Nimezika watu wengi. Kila mmoja akisomwa pale mbele anakuwa malaika, mpaka najiuliza tumemleta nani kwenye jeneza."

Nikamwambia naweza kuandika hata kwa kalamu. Akakataa. "Ya kalamu ukikata neno, watu wanasoma kwanza lile lililokatwa. Sitaki. Nasikia hiyo yako inafuta bila kuacha kovu."

Tatizo likaanza hapo. Kwetu Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi, ni heshima, tunaiita chinsoni, na Mzee Onchari hakuwa mtu wa kuichezea. Ukuta wenye stima ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa ndani ya nyumba ya Nyakundi. Mimi nami ni Mgusii, nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilipokuwa dukani sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa nanunua kompyuta, sikuwa nanunua kitu cha kumtumikia mtu.

Tukajaribu hivi: mimi ndani, karibu na ukuta, yeye nje uani kwenye kigoda, tukizungumza kupitia dirishani. Kifua kile hakikumruhusu kupaza sauti, na mimi nilikuwa narudia kila neno ili nihakikishe.

"Andika, nilipokuwa kijana nilipenda sana wasichana," akasema.

"Ulipenda sana nini, tata?" nikauliza, kama tunavyomwita baba.

"Wasichana!"

Kwamboka, mke wa Nyakundi, alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini, kisha mlango wa nyuma, na nikamwona akikimbilia kwenye majani chai huku amejifunika uso kwa kanga. Mzee naye alimwona. Akainamisha kichwa.

"Wewe mtoto wa watu," akaniambia baadaye, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "umeleta kitu kinachotaka nimpigie mke wa mwanangu kelele za ujana wangu. Mashine hii ina akili gani?"

"Ina rangi, tata," nikajibu.

"Mimi rangi za nini?"

Mvua ya mchana ikaanguka wakati huohuo, kama inavyoanguka kwetu, bila kubisha hodi. Nyakundi alisimama mlangoni, hawezi kumwambia baba yake aingie. Mimi nilikuwa ndani, pakavu, na taa yangu ya rangi. Mzee akainuka, akapita mbele ya mlango ule bila hata kuutazama, akateremka kuelekea kijitoni. Usiku ule alikohoa mpaka tukamsikia kutoka ng'ambo.

Kesho yake nikarudi Kisii na gunia langu. Mama Hansa alinitazama viatu kwanza, vilivyojaa tope, kisha gunia.

"Ukuta ulikuwa kwa nani?" akauliza.

"Kwa mwanawe. Aliyeoa."

Hakuhitaji maelezo, alikuwa ameishi nasi maisha yake yote. Akaichukua ile kubwa, akanipa ndogo pamoja na waya wa kuiunganisha na printa ya pale dukani. Nikampa na koti langu zuri juu yake, na sikulijutia.

Kuanzia hapo nilikuwa nakaa na Mzee Onchari ndani ya nyumba yake mwenyewe, karibu na moto, mashine juu ya goti. Vibonye vilikuwa vidogo na vidole vyangu vya kubebea ndizi vilikuwa vinabonyeza viwili kwa mpigo. Betri zikichoka tulikuwa tunazianika juani, zinatupa sentensi chache zaidi, kisha nakimbia kioski kununua nyingine. Lakini mzee alisema kwa sauti yake ya kawaida, na hakuna aliyekimbia.

Alianza vizuri sana. Alijenga kanisa peke yake. Alikuwa na ng'ombe wasiohesabika. Kisha nikamsomea.

"Futa hiyo ya kanisa," akasema. "Nilibeba mawe, kama wengine."

Kila siku alikuwa anafuta. Mtu aliyeogopa uongo wa wengine aliukuta wa kwake, na haukuwa mdogo. Siku moja akaniandikisha kwamba hakuwahi kugombana na ndugu yake, Mzee Ombui. Nikaandika. Akachochea moto mpaka kuni zikaanguka.

"Futa," akasema. "Andika kwamba tuligombana juu ya mpaka wa shamba, na kwamba haki ilikuwa yake."

Siku ya mwisho nilimsomea yote. Yalikuwa mafupi. Akaniomba nisome tena, akiwa amefumba macho.

"Huyo namjua," akasema. "Mzikeni huyo."

Tulimzika muda mfupi baadaye. Karatasi tuliichapa kwa Mama Hansa, na familia wakanitaka niisome mimi. Mzee Ombui alikuwa amesimama mbali, nje ya ua, kwa sababu kwa miaka mingi hakuwa amekanyaga boma lile. Nilipofika kwenye maneno ya mpaka, watu waligeuka kumtazama. Hakulia. Alikuja mpaka kaburini, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Kisha akachukua jembe na kuanza kumfukia ndugu yake, na vijana walipotaka kumpokea jembe, akakataa.

Basi, mwanangu, jibu la unachoniuliza ni hili. Usianze na mashine inajua nini. Anza na utakapoifungulia: kuna stima au hakuna, na kama iko, iko nyumbani kwa nani, na je, kila unayekwenda kumwona anaweza kufika hapo? Ibebe begani kutwa nzima kabla hujatoa pesa. Andika juu yake kwa vidole vyako, usitosheke na kuitazama. Uliza betri yake inakaa muda gani, na ikifa utapata nyingine wapi njiani. Inayobaki juu ya hayo, rangi na ukubwa na majina, ni ya macho ya watu, na watu hawatakusaidia kuibeba mlimani. Ukipata ndogo, nyepesi, inayowaka mahali mwenye shida alipokaa, hiyo inatosha.

Mimi nimechoka, acha nijinyooshe. Nenda. Mungu akupe njia kavu na wenyeji wema, akuepushe na mzigo usio wako, na kila mlango utakaougonga ufunguliwe na mtu anayefurahi kwamba umekuja.