Matufaha ya Mzee Hamira

Jina lake la kwenye vyeti lipo, lakini hata mkewe akiliona juu ya bahasha huchukua muda kukumbuka ni la nani. Watu wote humwita Mzee Hamira. Wapo wanaosema ni kwa sababu alioka mikate miaka thelathini na minne katika bekari moja, mbele ya meza moja. Wanaomjua zaidi wanasema jina limetokana na tabia: mguse kidogo, umwache mahali penye joto, ukirudi utamkuta amefura hadi ukingoni.

Alipostaafu alirudi nyumbani na aproni mbili kuukuu, mgongo unaouma, na imani kwamba hakuna mtu mwingine anayejua kupika. Mkewe hakubishana naye. Yeye alikuwa karani wa masijala, mtu wa faili na mihuri, na katika miaka yake yote kazini hakupoteza hata karatasi moja. Jambo hilo hulitaja kwa sauti ya chini, lakini hasahau kulitaja. "Nimepika miaka arobaini, baba," alimwambia. "Sasa zamu yako. Mimi nitakaa nikosoe."

Hawakumaliza mwaka wa raha hiyo. Mkewe alianza kuamka kila mara kunywa maji, mashavu yakamwingia ndani, na alipopelekwa kliniki akaambiwa ana kisukari. Nesi, mwanamke asiye na utani, alimsomea masharti: keki basi, jamu basi, mikate mitamu basi. Hamira alikaa kando ya mkewe akitazama sakafu. Kwa miaka yote ile alikuwa akimletea kila jioni kipande cha mkate mtamu kilichofungwa kwenye karatasi, na mke akikipokea mlangoni kabla hata ya salamu. Sasa alijiona kama aliyemlisha mkewe ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Hakumwambia mtu wazo hilo.

Ndipo yalipoingia matufaha. "Nesi," aliuliza, "nikimpikia matunda yakawa rojo, akapaka kwenye mkate badala ya jamu, kuna ubaya?"

"Kwa kiasi, baba, hakuna. Lakini sukari usiongeze hata chembe."

"Hata chembe!" Hamira aliahidi, akaweka mkono kifuani.

Kuanzia hapo alipika mara mbili kwa wiki, na alipika kama mtu aliyeajiriwa. Matufaha mekundu kwa ajili ya utamu, mawili matatu ya kijani kwa ajili ya ukali. Aliyamenya, akayakata mara nne, akaondoa ile sehemu ngumu ya katikati pamoja na mbegu, kisha akayakatakata vipande vinavyolingana, maana kikubwa kikingoja kuiva, kidogo kinaungua. Kikombe cha maji, nusu limau, kijiti cha mdalasini, mfuniko, moto mdogo. Baada ya dakika ishirini hivi yalilegea, akatoa mdalasini na kuyaponda kwa mwiko hadi yakawa rojo zito la rangi ya asali. Likipoa lilitiwa kwenye chupa na kuwekwa kwenye friji.

Haya yote aliyafanya akigombana na redio. Asubuhi kulikuwa na kipindi ambacho wasikilizaji hupiga simu kutoa maoni, na Hamira hakupata kukubaliana na hata mmoja wao. Alimenya akiwajibu, akakoroga akiwajibu, na mara nyingine mkewe alimsikia kutoka sebuleni akimwambia mtu wa umbali wa kilomita mia nne anyamaze.

Rojo lilikuwa tamu ajabu. "Kumbe matufaha yana utamu hivi?" mkewe alishangaa, kwa kuwa hakuwa amewahi kuyala yakiwa yamepikwa.

"Tunda likiiva sawasawa, halihitaji kusaidiwa," alijibu Hamira, kifua mbele.

Binti yao, fundi wa kusuka nywele, alikuja Jumapili akaramba kijiko mara mbili. "Baba, kweli hujatia kitu humu?"

"Nimetia akili."

Yeye mwenyewe akionja aliona utamu wa wastani tu. Lakini ulimi uliokaa bekari miaka thelathini na minne, nao utaambiwa nini kuhusu utamu?

Miezi miwili ikapita, wakarudi kliniki. Nesi akamtoboa mama kidole, akasoma kipimo, akasoma tena. Sukari haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda.

"Mama," alisema taratibu, "kuna kitu unakula nyumbani."

"Nakula ninachopikiwa. Keki sijaonja tangu siku ile."

"Hii mashine haina ugomvi na wewe, mama. Kitu unakula."

Hapo ndipo Hamira alipofungua mdomo. Kuna jambo lilikuwa likimkereketa kwa wiki kadhaa. Nyumbani kulikuwa na kopo la sukari, pale kando ya jiko, kwa ajili ya chai yake na ya wageni. Zamani kopo lile liliwatosha watu wawili mwezi mzima. Siku hizi mnywaji wa sukari ni mmoja, na wiki mbili tu kopo tupu.

"Nesi, mimi nilikuwa nashuku," alisema. "Sukari ya nyumbani inapungua. Na mimi siyo sisimizi."

Mkewe aligeuka akamtazama. Jioni ndipo alipotamka, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. "Umenisema mbele ya mtu baki. Mimi nilidhani ni wewe unaongeza vijiko kwenye chai, nikakusitiri."

"Vijiko vyangu ni viwili tangu tuoane!"

"Basi na mimi ni sifuri. Kazini nimekula kiapo kwa kidogo kuliko hiki nikaaminiwa."

Hamira hakuamini. Na si kwamba alikuwa mtu mbaya, ila aliogopa. Alikuwa amewahi kumwona mwenzake wa bekari akikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, na kila mkewe alipovua viatu alitupia jicho vidole vyake. Hofu ilipomzidi aligeuka askari. Akamwita binti yao, akammwagia yote. Binti naye, badala ya kupoza, akamshika mama yake mikono na kumwambia kwa sauti ile ya kubembeleza watoto: "Mama, tuambie tu. Hatutakugombeza."

"Na wewe pia?" mama aliuliza. Akatoa mikono yake.

Kilichofuata Hamira hapendi kukisimulia, kwa hiyo nakisimulia mimi. Asubuhi moja mkewe akiwa anaoga, Hamira alichukua mkoba wa mkewe kitandani, akaufungua, akakung'uta kila kitu juu ya shuka. Leso, pini mbili, miwani, karatasi ya dawa, kalamu. Chini kabisa akakuta peremende moja, imezeeka hadi imegandamana na karatasi yake. Mkewe alipotoka na taulo begani alimkuta ameishika kwa vidole viwili.

"Na hii?"

Mama aliitazama peremende, akautazama mkoba uliopinduliwa. "Hiyo nilipewa kwenye harusi ya mdogo wako," alisema. "Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi."

Akavirudisha vitu vyake kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake. Kisha akaenda jikoni akiburuta kiti kutoka meza ya kulia, akakiweka katikati ya njia, akaketi. "Kuanzia leo utaniona," alitangaza. "Ukiamka, nitakuwa mbele yako. Ukipika, nitakuwa hapa. Nikienda chooni nitaacha mlango wazi ukitaka. Ukiniona nimeramba kitu, piga kelele majirani waje."

"Mama watoto, usifanye hivyo."

"Pika, baba."

Siku tatu alikaa hivyo, na Hamira alikiona cha moto. Kulindwa na mtu unayemlinda ni adhabu. Kila alipopenga kamasi alijiona anakaguliwa. Siku ya nne ilikuwa ya matufaha. Alimenya kimya kimya mwanzoni, lakini redio haikumwacha. Bwana mmoja alipiga simu akasema mkate wa mashine ni bora kuliko wa mikono kwa sababu mashine haina mazoea. Hamira alifura papo hapo.

"Mazoea! Huyu amewahi kushika unga? Mazoea ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu! Mimi nilikuwa sipimi! Nilikuwa nafumba macho!"

Matufaha yalikuwa yameanza kulegea. Hamira, uso ukiielekea redio, alifunua sufuria kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe kando ya jiko, ukasukuma kifuniko cha kopo kwa kidole gumba, ukachota konzi iliyojaa na kuinyunyiza juu ya sufuria kwa mzunguko mmoja safi. Mwiko ukapita. Kisha mkono ukaenda tena, ukachota konzi ya pili, ukarudisha kifuniko. Muda wote huo mwenye mkono alikuwa akimwuliza yule bwana wa redioni amezaliwa lini.

"Baba," mkewe alisema. "Zima redio."

"Ngoja nimsikie huyu mjinga anavyo..."

"Zima."

Akazima.

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Akaunyosha, bado amekasirika. Vidole vilikuwa na maji ya matufaha, na juu ya maji yale chembe za sukari zilikuwa zimeshikamana kuanzia ncha hadi kiganja. Hamira aliziangalia. "Hii ni chumvi," alisema. Akaramba. Rangi ikampotea usoni.

Mkewe aliinuka, na Hamira akaanguka kwenye kile kiti alichokiacha. Bekarini pipa la sukari lilikuwa mkono wa kulia, na kila sufuria ya matunda ya kujazia mikate ilipata konzi mbili, siku zote, miaka thelathini na minne, kabla mtu hajafikiri. Hakuwa amesahau ahadi yake kwa nesi. Ahadi ilikuwa kichwani, na mkono haukuwa umeambiwa.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Kwa jinsi kopo lilivyokuwa linaisha, kila mara." Mama alifunika sufuria na kuzima moto. Kazi ilipokwisha ndipo alipoanza kusema yake. "Nilishaanza kujiogopa, unajua? Nilijiambia labda nakula usingizini. Labda naamka naramba sukari halafu nasahau, kama mama yangu alivyokuwa anasahau mwishoni. Nilikuwa nanusa vidole vyangu asubuhi."

Hamira alifunika uso kwa aproni akalia, na hakujificha. Mkewe alimwacha alie. Alipomaliza akampa sharti moja: "Ulinisema mbele ya watu wawili. Utanitoa lawamani mbele ya hao hao wawili."

Binti aliambiwa siku ile ile, kwa simu. Aliomba kuzungumza na mama yake, na waliyozungumza hayamhusu Hamira. Kopo la sukari lilihamia juu ya kabati la chumbani, na chai ya mzee ikawa na safari ya kupanda stuli. Rojo lililopikwa vizuri mara hii lilikuwa chachu kidogo na mama alikunja uso, lakini akalimaliza. Mkono haukukoma kirahisi. Wiki mbili nzima ulikuwa ukienda kando ya jiko, ukafumbata hewa, ukainyunyiza hewa ile juu ya sufuria, na Hamira akautukana kwa jina lake mwenyewe.

Waliporudi kliniki kipimo kilikuwa kimeshuka vizuri. Nesi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Hongera, mama! Umeona sasa? Umeacha, imeshuka."

Benchi lilikuwa limejaa na mlango uko wazi. Hamira alisimama, akakohoa. "Nesi, hakuacha kitu. Hakuwa anakula kitu. Ni mimi." Akaeleza yote, bekari, pipa, konzi mbili, redio. Alianza kwa aibu, lakini alipofika kwenye "hii ni chumvi" nesi aliangua kicheko, na benchi zima likafuata. Mzee mmoja alishika mbavu. Hamira akaona mambo yanakwenda vizuri, akaongeza mikono, akaonyesha jinsi alivyokuwa anachota, na mpaka anamaliza alikuwa amefura tena, sasa kwa sifa. Mkewe alichukua dawa zake, akaaga, akatoka.

Hamira alimkuta nje kwenye ngazi.

"Sasa mbona umenuna? Si nimesema mbele ya watu wote?"

"Umesema ya sukari."

"Ndiyo ilikuwa kesi!"

"Sukari nimekusamehe siku ile ile," mama alisema. "Ule ulikuwa mkono, na mkono wako naujua, umetulisha sote. Lakini mkoba wangu uliufungua ukiwa na akili zako timamu, baba. Redio ilikuwa imezimwa. Hilo sijasikia ukilisema."

Hamira akamtazama mkewe, mkoba ukiwa kwapani kwake umefungwa zipu hadi mwisho, kitu ambacho zamani hakuwa akikifanya. Kisha akageuka, akapanda ngazi akishikilia mgongo, akarudi hadi kwenye mlango wa nesi. Watu wa benchi walimwona wakaanza kutabasamu, wakijua wameletewa nyingine.

"Nesi, samahani," alisema. "Kuna jingine sikulisema." Akalisema lote, la mkoba na la peremende, polepole, akiwa ameweka mikono nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye hakutaka wacheke.