Reli ya Chumba cha Wageni

Chumba cha wageni nyumbani kwetu Shinyanga hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na reli. Mimi ni fundi umeme mgodini, upande wa Geita, na kila nikirudi mapumziko najifungia humo na treni yangu ndogo, inayozunguka juu ya ubao mpana kama mlango. Kichwa chake nilikichonga mwenyewe kwa kufuata vile vya dizeli vya reli ya kati, nikakitia mota ya redio kaseti iliyokufa. Vilima ni mawe niliyookota Ibadakuli, pembeni ya mji, kwa kuwa mawe ya kwetu hayaigiki kwa karatasi. Migunga ni nyuzi za mkonge zilizopakwa rangi.

Mke wangu alishanizoea. Niliyemwogopa ni baba yake, mfugaji, mtu wa maneno machache, aliyeamini amemwoza binti yake kwa mwanaume mzima.

Mzee akaletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho, na chumba kingine hatukuwa nacho. Tukaingiza godoro. Reli nikaifunika shuka, nikashukuru kimoyomoyo kwamba jicho moja limefungwa bandeji na la pili halioni vizuri.

Siku ya kufunguliwa bandeji, daktari alimuuliza anaona nini.

"Namwona mwanangu," akasema. "Amekonda."

Mke wangu alicheka huku machozi yakimtoka. Nami nilifurahi, mpaka nikakumbuka shuka.

Jioni nilimkuta mzee amelikunja vizuri, kalilaza juu ya godoro, mwenyewe kainamia ubao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Hii umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, baba. Ni mchezo tu."

"Washa."

Nikawasha. Treni ikazunguka, naye akaifuata kwa macho.

"Kwa nini umechagua garimoshi hili kuukuu?"

Nikamweleza kwamba utotoni nilikuwa nikilala huku nikisikia muungurumo wake, na kwamba treni ya umeme inapita kimya, haina ladha.

"Wewe ulilisikia. Mimi nililipanda," akasema. "Lilituharibikia njiani, tukalala na kiu, sisi na ng'ombe. Weka la umeme. Tuta la reli yake mpya nimeliona leo tukitoka hospitali, limenyooka. Halafu pamba iko wapi? Shinyanga gani hii haina pamba?"

Nikamjibu kwamba pamba naweka, ila dizeli siondoi. Akabisha. Nikabisha. Mke wangu alikuja mlangoni, akatutazama, akarudi jikoni. Kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuzungumza na mkwe wangu bila kupima maneno, na sasa kifua kilikuwa chepesi.

Kabla ya kurudi kijijini alichambua pamba iliyobaki ya kusafishia jicho, akapanda shamba zima pembeni ya stesheni ya ubaoni. Nguzo za umeme za treni yake nilimkubalia upande mmoja tu wa ubao. Akipiga simu, baada ya salamu, huuliza upande wa pili nitaweka lini.