Aliyesimama Kwenye Picha za Harusi Yangu Si Mume Wangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo vipi. Naomba ufiche jina langu kabisa, maana mawifi zangu wote wako humu kwenye page yako na ndio wa kwanza kukomenti.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, fundi cherehani. Kwetu ni Kharumwa, ila kwa sasa naishi ukweni huku Kishapu na mama mkwe pamoja na mdogo wake mume wangu. Mume wangu, tumwite Masanja, alikuwa fundi wa mitambo mgodini Geita. Tukapendana hukohuko, halafu akapata kazi kwenye mgodi nje ya nchi. Nchi siitaji. Sasa hivi anajiandaa kuomba ukaazi wa kudumu, na mimi nilitakiwa nimfuate kwa viza ya mwenza ili tuombe pamoja kama mke na mume.

Sasa sikieni. Mambo ya mahari yalipokamilika wazee wakapanga siku ya harusi. Ikakaribia, Masanja akanyimwa ruhusa kazini. Nikasema tuahirishe. Baba yangu akakataa katakata: "Ng'ombe wameshaingia zizini kwangu, watu wameshaalikwa, nimrudishe nani? Mdogo wake asimame, kwani si damu moja?" Kwetu hilo si la ajabu, mtu akiwa mbali ndugu yake anamsimamia. Basi shemeji, tumwite Shija, akavaa suti ya kuazima, akasimama pembeni yangu, tukalishana keki, tukapigwa picha mpaka mashavu yakauma. Masanja alikuwa anatuangalia kwenye simu, anacheka, "Shija, usizoee hapo!"

Alipokuja likizo tukaenda bomani kufunga ndoa ya serikali, sisi na mashahidi tu. Nilivaa gauni la kawaida, hakuna aliyekumbuka picha, tukala chipsi kuku tukarudi nyumbani. Cheti tunacho.

Kwenye maombi ya viza wakataka cheti, na pia picha za kuonyesha kwamba ndugu na jamii wanaitambua ndoa yetu. Masanja mwenyewe akaniambia, "Tuma zile za Kharumwa, ndizo zenye watu." Nikatuma, tena nikachagua zile nilizopendeza. Wala haikutujia akilini kwamba kuna mtu atakaa kulinganisha sura.

Nikapigiwa simu ya mahojiano na afisa wa viza, yupo na mkalimani. Nikaulizwa siku ya harusi mume wangu alikuwa wapi. Nikasema kazini. "Na huyu anayekulisha keki?" Mdogo wake. "Kwa nini yeye?" Nikajikuta nasema, "Kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshaletwa." Jamani, nilisema ukweli mtupu, lakini hata mimi nilijisikia vibaya ulivyotoka mdomoni. Baadaye jibu likaja kwamba hawajaridhika kama ndoa yetu ni ya kweli.

Hilo ningelivumilia. Mwanasheria wake kule alisema tunaweza kuomba upya, tuweke viapo vya wazazi na cha Shija. Tatizo ni kwamba Masanja amebadilika. Alianza kwa utani, "Kwani huko mnakula sahani moja?" Nikacheka. Siku nyingine akapiga mchana, akataka nizungushe kamera aone nimekaa na nani. Mwisho akaniuliza bila kificho, "Hivi wale watu wa viza wanaofanya kazi hiyo kila siku wameona nini ambacho mimi sikioni?" Nililia mpaka mayu, yaani mama mkwe, akaninyang'anya simu akamfokea kwa Kisukuma. Ikawa mbaya zaidi. Akasema kumbe hata mama yake anatuficha.

Shija anaumia kuliko mimi. Hanisalimii tena mbele za watu, chakula chake anachukua anaenda kulia huko kwenye zizi. Majuzi akaniambia, "Shemeji, bora niende machimboni. Nikiondoka kaka atatulia." Akiondoka kijiji kizima kitasema amekimbia aibu, na mayu hana mwingine wa kumwangalizia ng'ombe. Akibaki, mume wangu ataendelea kutuona tuko mji mmoja, kaya moja.

Sasa Masanja amesema maombi ya ukaazi anayapeleka wiki ijayo, hanisubiri. Anajaza peke yake, mimi "tutaona baadaye". Na mwanasheria alituonya tangu mwanzo kwamba mke asipotajwa kwenye maombi hayo, kumwingiza baadaye ni shughuli pevu, huenda ikashindikana kabisa. Nimemwapia kwa Biblia. Nimembembeleza aje mwenyewe aone. Jibu lake ni neno moja tu, "Thibitisha."

Nathibitishaje kitu ambacho hakijawahi kutokea? Ile ofisi ningeipelekea viapo na mihuri, lakini yeye nimpelekee nini? Kuomba ni yeye, kutuma ni yeye, mimi huku nimeshika simu tu nangoja. Nampenda mume wangu, na naona kabisa ananiponyoka sijafanya kosa lolote.

Mliopitia haya, na hata nyie mawifi kama mmeshanijua, matusi wekeni pembeni kwanza. Niambieni nifanye nini kabla hajayatuma.