Jiwe Juu ya Kaburi la Mwendesha Baiskeli

Barua ilinifikia Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, saa nne kasoro robo. Niliisoma mara tatu, kwa maana aliyeanza shule akiwa na miaka thelathini na mmoja hapendi kudanganywa na karatasi. Ilisema kwamba Lubumbashi wanafungua ukumbi wa kuwaenzi wanamichezo Wayahudi wa kanda yetu, na wanaomba picha ya marehemu mume wangu.

Baba yake alikuwa Myahudi muuza vitambaa; mama yake, Munande wa mji wa Butembo. Katika mashindano ya baiskeli kutoka Sake, akishapita ziwa la Lac Vert hakuna aliyemwona tena ila mgongo. Mji wetu wa Goma haukumpa hata hotuba. Kwa nini wageni wamkumbuke leo? Picha yenyewe ni moja tu. Niliikimbiza kifuani siku volkano ilipomwaga lava mjini.

Mjumbe wao alifika Alhamisi, kupitia mpaka wa Bunagana, kwani uwanja wa ndege umefungwa. Hilo nalo sikulipenda; mgeni wa njia ya kuzunguka hunitia shaka.

«Mama, niko naomba kwanza tufike ku kaburi.»

Nilimpeleka, picha nimeificha ndani ya kitenge. Aliinama, akaokota jiwe, akanong'ona, akaliweka juu ya kaburi. Nililinyakua nikalitupa mbali.

«Papa, nani alikutuma kuroga nyumba yangu?»

«Hapana, mama! Sisi Wayahudi hatuletake maua. Tunaacha jiwe, mufu ajue kama mutu alifika.»

Nikakumbuka. Kila mara tulipozuru kaburi la baba mkwe, nilikuta vijiwe juu yake, nikavifagia vyote nikiwalaani majirani. Mume wangu alinitazama tu. Miaka kumi na tisa nilifagia salamu zake kwa baba yake.

Hata hivyo sikumwachia mgeni picha. Tuliandamana hadi studio ya kunakili, nami nikaishika pembe moja mpaka mashine ilipofunikwa.

«Chini ya picha, andika na jina la mama yake,» nikamwambia.

«Mama, ukumbi ni wa Wayahudi...»

«Basi picha inarudi ku nyumba. Ile baiskeli, mama yake ndiye aliuza mbuzi zake ili ainunue.»

Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki, akatoa kalamu, akaandika nilivyomtajia. Nilisoma jina la mama mkwe herufi moja baada ya nyingine, nikamrudishia karatasi aongeze na jina la mji wake, Butembo.