Siku Kumi na Nne za Bwana Kunguni

Alikuwa amepuliza dawa katika vyumba vya watu kwa miaka ishirini na sita, na mtaa ulishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bwana Kunguni. Mkewe naye alimwita hivyo akikasirika. Akifurahi alimwita Bwana tu.

Kazi yake ilikuwa ya upweke. Watu walimwita wakiwa wameshindwa kabisa, wakamfungulia chumba cha kulala huku wakiangalia pembeni, kana kwamba yeye ndiye aliyewaleta wale wadudu. Aliingia na bomba mgongoni, akapiga magoti, akawasha tochi yake ndogo na kuchungulia viungo vya kitanda, mishono ya godoro, nyuma ya picha za harusi. Akimaliza aliacha maagizo mawili: msifute ukuta, na nitarudi baada ya siku kumi na nne.

"Kurudi kufanya nini?" wateja waliuliza. "Si wamekufa wote?"

"Wamekufa waliokuwa wanatembea. Kuna mayai, na kuna waliojichimbia kwenye nyufa. Wametulia, hawali, hawanywi. Hao wakitoka ndio nawataka."

Kisha kifua kikuu kikamwingia yeye mwenyewe.

Nesi wa kliniki, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya viatu, alimweleza taratibu: miezi sita, vidonge kila siku, bila kuruka hata moja, na awepo mtu wa nyumbani wa kumtazama akimeza. Mkewe alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate. Aliyebaki ni mama mkwe, aliyehamia kwao tangu alipostaafu ualimu.

"Mimi nimesimamia mitihani miaka thelathini," mama mkwe alimwambia nesi. "Chumba nilichosimama mimi, hakuna aliyewahi kuibia."

Basi kila siku saa moja asubuhi aliketi mezani na kadi, kalamu nyekundu na bilauri ya maji. Shida ilikuwa moja tu. Mkwe ni mkwe. Mama wa heshima zake atachungulia vipi kinywa cha mume wa binti yake? Kwa hiyo vidonge vilipofika mdomoni aligeuza uso dirishani, akasubiri kusikia funda la maji likimezwa, ndipo akageuka na kuweka alama ya vema, kubwa na nyekundu, kama anasahihisha hesabu.

Mwezi wa kwanza Bwana Kunguni alimeza kila kitu. Kikohozi kikanyamaza, mashavu yakarudi, akaanza kupiga mluzi bafuni. Na hapo ndipo alipopata nafasi ya kufikiri.

Nesi alikuwa amesema kwamba vijidudu vingi hufa mapema, ila vichache hulala. Dawa huvikamata vizuri vinapokula na kuzaana. Vilivyolala haviikatai, ni vile tu haviijali, na ndiyo sababu ya miezi yote ile. Bwana Kunguni alitabasamu peke yake. Waliolala! Nani angemfundisha yeye habari za waliolala? Aliwaonea huruma madaktari. Walikuwa wanapuliza kila siku juu ya nyufa zilizofungwa. Nani anafanya kazi hivyo?

Akajipangia mwenyewe: siku tatu kumeza, siku kumi na nne kupumzika, wajanja watoke, kisha awapige tena.

Siku za mapumziko alificha vidonge chini ya ulimi, akanywa maji kwa kishindo cha mfereji, mama mkwe akaweka vema. Baadaye alivitema ndani ya kopo tupu la dawa ya kunguni lililochorwa fuvu la kichwa. Nyumba nzima haikuwa na mahali salama kuliko pale. Wala hakujiona mdanganyifu. Alijiona fundi anayewasaidia mafundi wenzake bila kuwaaibisha.

Mwisho wa mwezi wa pili alipima makohozi, kisha akarudi na mama mkwe kuchukua majibu.

"Baba," nesi alisema, "vijidudu bado vimo. Tena si haba."

Mama mkwe akaiweka kadi mezani. "Hesabu, mwanangu. Siku sitini, vema sitini."

Nesi alihesabu. Alipofika mwisho sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kama amemeza vyote hivi na bado vimo, huenda vimekuwa sugu. Dawa hizi haziviwezi tena. Hapo ni kuanza nyingine, nzito kuliko hizi, nazo zina karaha zake. Na wewe mama, unayeketi naye kila asubuhi, pamoja na binti yako, lazima tuwapime. Vikiwa sugu kwake, atakayeambukizwa naye anapata hivyo hivyo sugu."

Mama mkwe akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kusafisha koo. Lakini Bwana Kunguni alikisikia kama mtu anavyosikia kitu kikitambaa ndani ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Akinyamaza, kadi ya mama ingebaki safi, na nesi angempa dawa kwa kufuata uongo. Akisema, angemvua mama miaka thelathini ya sifa mbele ya mgeni.

"Sista," akasema, "hiyo kadi ina matundu."

"Matundu gani?" mama mkwe akauliza.

Akaeleza. Alianza kwa aibu, lakini alipofika kwenye nyufa mazoea ya kazi yalimshinda, akawa anaonyesha kwa mikono jinsi wadudu wanavyojibana. Akamalizia na kopo la fuvu.

Mama mkwe aliutazama ukuta. "Umeibia," akauambia ukuta. "Kwenye chumba changu."

Nesi hakufoka. Alivua miwani, ikaning'inia. "Baba, nifundishe. Hizo siku zako kumi na nne, dawa yako inakuwa wapi?"

"Ukutani. Ndiyo maana nawakataza kufuta. Aliyelala akiamka, akitoka kutafuta damu, anaikanyaga."

"Na wakifuta?"

"Kazi bure! Tena ni hatari. Inabaki harufu tu, wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki wanazaa wagumu wenzao. Niliingia nyumba moja, sista, kunguni wanapita kwenye ukuta uliolowa dawa kama wanakwenda sokoni. Mpangaji mjinga alikuwa anapuliza leo, kesho anapiga deki, anakaa wiki mbili, anapuliza tena..."

Akashusha mikono.

"Kidonge cha leo," nesi akasema, "kesho mwili umeshakiondoa. Ini na figo zako zinapiga deki kila siku, baba. Ndiyo maana na sisi tunapuliza kila siku. Na ndani ya kidonge kuna dawa zaidi ya moja, kwa sababu kati ya mamilioni hakikosi kimoja kilichozaliwa kinaiweza dawa hii. Basi ile nyingine inakimaliza. Wewe umevipa vilivyobaki likizo ya kuzaana."

Bwana Kunguni alitoa makohozi mengine. Mama mkwe naye akatoa ya kwake, nyuma ya pazia, kwa hasira, na mchana binti yake akaja kutoa ya kwake. Kuna mashine, nesi alisema, ambayo ingeonyesha kama vijidudu vimekuwa sugu. Warudi baada ya siku tatu.

Siku hizo tatu mama mkwe hakumsemesha. "Mwambie Bwana Kunguni chai ipo," alimwambia binti yake, na mkwe mwenyewe amekaa palepale, mkono kwenye kikombe. Siku ya pili alikohoa mara mbili. Bwana Kunguni akatoka, akasimama uani kando ya bomba lake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuingia nyumba za wengine na kutoka. Hakuwahi kuwa nyumba. Sasa aliweka kiganja kifuani na kujisikiliza, na kilichomtisha ni ule ukimya, maana alijua vizuri ukimya wa nyufa una nini ndani.

Siku ya tatu nesi alisoma karatasi mara mbili. "Dawa bado zinaviweza. Umepata bahati ambayo hukuifanyia kazi. Tunaanza kuhesabu upya, siku ya kwanza. Mama, wewe na binti yako hamna kitu. Hicho kikohozi ni nini?"

"Hasira," mama mkwe akasema.

Kesho yake, saa moja asubuhi, mezani palikuwa na kadi mpya, kalamu nyekundu, bilauri, na tochi. Bwana Kunguni aliitambua. Ilikuwa ya kwake, imetolewa kwenye mkoba wa kazi.

Akameza. Mama mkwe hakugeukia dirisha.

"Fungua."

"Mama, jamani, mimi ni mkwe wako..."

"Katika vyote nilivyokupa asubuhi hapa, ulichomeza ni heshima yangu tu. Fungua."

Akafungua.

"Inua ulimi. Kushoto. Kulia. Hilo jino la mwisho lina pango, nalo tulione."

Alichungulia polepole, kona kwa kona, kama mtu anayekagua mshono wa godoro. Kisha akazima tochi, akaweka vema moja jekundu, na kumrudishia mkwe chombo chake, maana saa mbili alikuwa na kitanda cha watu cha kukagua.