Aliyemfelisha Tumpe

Tumpe akikupikia pilau, jua atatanguliza kuomba radhi. "Karibuni, ila chakula chenyewe leo hakikutoka vizuri." Hakikutoka vizuri, na wageni wanagombania ukoko! Ndivyo alivyo huyu mtoto wa marehemu dada yangu tangu aliponijia huku ughaibuni, hapa Quakers Hill, kabinti ka miaka kumi na mitano kutoka Tukuyu. Ukimsifu anakimbilia jikoni. Akiongoza darasa anasema mtihani ulikuwa mwepesi. Mimi Raheli nilimpenda hivyo hivyo, maana ndivyo sisi tulivyolelewa kwetu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kitu kimoja tu alikitaka bila kuona haya, nacho ni udaktari. Mama yake alikufa akimsubiri daktari ambaye hakufika, na tangu hapo mtoto hajawahi kutaja kazi nyingine. Huku wengi husoma kwanza shahada ya sayansi, kisha huomba, na wanaowachagua hutazama wastani wa masomo yote. Nafasi ni chache na waombaji ni utitiri. Tumpe alikuwa mwaka wa mwisho, wastani wake safi kabisa. Akabakiza somo moja la hiari, akachagua la michezo, mpira wa pete, kwa kuwa shuleni Tukuyu alikuwa mfungaji tegemeo. "Maksi za bure hizo, mama mdogo," aliniambia.

Maksi za bure! Jumamosi moja nilikuwa namsuka, kakaa chini ameegemea magoti yangu, akasema taratibu, "Mama mdogo, nimefeli michezo."

Nilicheka. Niliona ni kama kuambiwa samaki amefeli kuogelea. Lakini yeye hakucheka, nikaweka kitana chini. Akanieleza kwamba matokeo hayajathibitishwa, bado wiki moja hivi, na baada ya hapo F itakaa kwenye matokeo yake daima. Wastani utashuka chini ya kile kiwango cha kuitwa kwenye usaili wa udaktari. Yaani miaka yote ile ya kukesha izamishwe na mpira!

Sasa mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nikipewa chenji naihesabu mbele ya muuzaji, na jirani akinisalimu kwa uchangamfu mno najiuliza kavunja nini. Kwa hiyo nilianza kuuliza. Somo lenyewe lilikuwaje? Akasema walipangwa wawili wawili, wakapelekwa shule za msingi kufundisha watoto mpira wa pete muhula mzima. Yeye na mwenzake walipelekwa Cabramatta. Siku ya mwisho kila mmoja alisimama mbele ya mwalimu akaeleza amefanya nini, na kila mmoja akapewa maksi zake.

"Mwenzako nani?"

"Vanessa."

"Na yeye kapata ngapi?"

"Kapata juu kabisa."

Hapo damu ilinipanda. Watoto walewale, uwanja uleule, mmoja yuko juu na mwingine kafeli? Na huyo Vanessa si mtu baki. Ni binti wa Chibalonza, Mkongo wa Bukavu ninayefanya naye kazi katika nyumba ya wazee kule Fairfield. Wamemleta huku bado ananyonya. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Amekula ugali wangu mara ngapi sijui. Na yeye pia anaomba udaktari, mwaka huohuo, nafasi zilezile. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Siku ya kueleza, Vanessa alisema nini?"

"Alisema aliongoza mazoezi ya kupasha mwili, akasimamia nidhamu, akajifunza uongozi. Aliongea sana, mama mdogo. Aliongea vizuri."

"Na nani aliyewafundisha wale watoto kudaka, kupasi na kufunga?"

"Tulisaidiana."

"Tumpe!"

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo.

Ilinitosha. Nilikuwa nimeshampata mwizi wangu, sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Jumatatu mambo yakazidi kunuka. Tumpe alirudi chuoni akaniambia amemwona Vanessa akitoka ofisini kwa mwalimu wao, Craig, na alipomwona yeye alishtuka, akasema ana haraka, akaondoka. Haraka ya nini? Mtu aliyekwisha kupata maksi za juu anafuata nini tena kwa mwalimu? Nilijua jibu. Ameenda kuziba njia kabla Tumpe hajalalamika. Usiku sikulala vizuri, nikawa namchambua yule msichana toka kichwani hadi viatuni, hata zile shikamoo zake za Kizungu, "Hi Aunty, Hi Aunty," nikaona zilikuwa na lake jambo.

Kesho yake nikamvaa mama yake kwenye chumba cha chai kazini. Sikuzunguka. Nilimwambia Chibalonza kwamba binti yake amepanda juu ya mgongo wa mwanangu.

Chibalonza aliweka kikombe mezani. "Raheli, mutoto yangu haiko mwizi."

"Basi aeleze alifuata nini kwa yule mwalimu!"

"Minakulisha kwa nyumba yangu, weye unakuja kunitukana mbele ya batu?" Akainuka, chai akaiacha inafuka moshi.

Kazi yetu ile ya kuwahamisha wazee kitandani kwa mashine ni ya watu wawili, na miaka yote wawili hao ni mimi na yeye. Mchana ule akamwomba msimamizi ampangie mtu mwingine. Nilijisemea, mwenye hatia hukimbia. Nilikuwa hata najipongeza.

Kabla ya wiki kwisha, Craig akamwita Tumpe ofisini, akamwambia akipenda aje na mtu wa kumsindikiza. Nani mwingine? Nilivaa gauni langu la kitenge, nikapanga maneno yangu ndani ya treni kituo baada ya kituo. Kama ni hila, nitaifumua mbele yake. Kama ni rangi yetu, nitaitaja kwa jina lake.

Craig alikuwa Mzungu mrefu mwenye kaptura, mtu wa kutabasamu, na tabasamu lile nalo nikalishuku. Nilipotaka kufungua mdomo akaniomba nisubiri kidogo. Akamgeukia Tumpe, akamwuliza polepole, "Nieleze kwa maneno yako mwenyewe. Kule Cabramatta wewe ulifanya nini?"

Tumpe akainamisha macho. Mikono akaipakata. Akajibu kwa Kiingereza chake kizuri, "Nilisaidia kidogo tu, sir. Kazi kubwa aliifanya Vanessa. Na watoto wenyewe walikuwa wepesi kuelewa."

Nilimtazama kama simjui. Niliyaona yote kwa mpigo mmoja: pilau ambalo halikutoka vizuri, mtihani uliokuwa mwepesi, jikoni anakokimbilia.

"Na siku ile alisema hivyo hivyo," Craig akaniambia, mikono ameitandaza. "Siwezi kumpa maksi mtu anayeniambia hakufanya kitu. Leo nimemwita kwa sababu Vanessa alikuja hapa Jumatatu akaniambia nimekosea, kwamba watoto wale wote wamefundishwa na Tumpe. Alitaka hata maksi zake zipunguzwe. Nikamwambia mimi lazima nisikie kwa Tumpe mwenyewe."

Maneno yangu yote ya kwenye treni hayakuwa na kazi tena. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Sema," nikamwambia mwanangu kwa Kiswahili. "Mwambie ulichofanya."

"Nijisifu, mama mdogo? Mbele ya mtu mzima?"

"Jisifu, mwanangu. Hapa usipojitembeza hununuliwi."

Akaanza kusimulia, macho yakiwa kwenye viatu vya Craig, kuhusu mtoto mmoja aliyekuwa anaogopa mpira na jinsi alivyomfundisha kudaka kwanza kwa soksi zilizoviringishwa, kama tulivyokuwa tunacheza sisi Tukuyu. Akaeleza kwa nini alibadilisha mazoezi, nani alipiga hatua na kwa njia gani. Sauti ikaanza kupata nguvu. Craig akaandika, akauliza, akaandika. Mwishoni akasema atampa maksi anazostahili, na F itaondoka. Ila akamtazama Tumpe akasema tena, "Kwenye usaili wa udaktari hakutakuwa na rafiki wa kuja kukusemea. Watakuuliza swali hilihili, na watakuamini kama nilivyokuamini mimi uliposema hukufanya kitu."

Tumpe alilia ndani ya treni, sijui kwa furaha au kwa hofu. Mimi nilikuwa naangalia nje. Nilikuwa nawaza chai ya Chibalonza.

Jumapili tukaenda nyumbani kwao, hukohuko Fairfield, nimebeba sinia la vitumbua. Chibalonza alifungua mlango, akanitazama, akatazama sinia, akaniambia, "Leo umekuja kushuku nani?"

"Nimekuja kuomba msamaha, dada. Nimekukosea wewe na mtoto wako, na nimekosea mbele za watu."

Akapokea sinia. "Ingia. Lakini Jumatatu utasema vile vile mbele ya bale batu." Nikakubali.

Ndani, Vanessa alikuwa ameshaweka viti viwili vinavyotazamana. Kumbe wasichana wamekwisha kupatana kwa simu, Vanessa kamweleza mwenzake kwamba siku ile ya ofisini alikimbia kwa aibu ya maksi zake, sisi mama zao ndio tulikuwa bado. Alijifanya yeye ndiye msaili, akamwuliza Tumpe, "Tell me about yourself," yaani ajieleze yeye ni nani. Tumpe akainama. Vanessa akainuka, akamshika kidevu, akakiinua, akarudi kukaa. Akauliza tena. Tumpe akasema yeye ni mwanafunzi wa kawaida tu. Vanessa akatikisa kichwa, akauliza tena, na tena, bila kuchoka, mpaka mwanangu akasema kwa sauti inayosikika hadi jikoni kwamba atakuwa daktari mzuri, na kwa nini.

Mimi nilikaa pembeni na kitumbua mkononi. Nafasi ni chache, na huyu msichana alikuwa anamnoa mtu anayegombea naye. Nilimchunguza usoni, nikitafuta hila, maana mazoea yana taabu. Nilitafuta kwa bidii. Sikuiona, na hilo lilinichoma kuliko kama ningeiona.