Kifaransa cha Siku ya Hina

Saa nne asubuhi, Mjambere, Kisauni. Ummi, bibi harusi wa kesho, amenyoosha mikono juu ya mto na haruhusiwi hata kujikuna pua. Hina bado mbichi. Swabra Mansur anamchora maua kwenye kiganja huku akimsimulia kwa Kiswahili riwaya ya Kifaransa kutoka kisiwa cha Ngazija, ya msichana aliyeposwa asijue na nani.

"Dada Swabra, usinikatie hapo! Akamkubali au hakumkubali?"

"Tulia kwanza, utaniharibia ua."

Mabibi harusi kama Ummi ndio wasikilizaji wake, na hawana pa kukimbilia! Swabra, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mchora hina. Vilevile anasomea shahada ya uzamivu katika fasihi na tamaduni za watu wanaotumia Kifaransa. Anachunguza namna waandishi wa Ngazija wanavyosimulia harusi. Ada ya chuo huilipa kwa hina hiyohiyo; Ramadhani ikiingia harusi husita, na ada nayo husubiri Idi.

Mwaka jana almanusura yote yaende na maji. Alipotakiwa kutetea pendekezo la utafiti wake kwa Kifaransa mbele ya watahini watatu, ulimi ulimganda.

"Nilisimama kama mlingoti. Kifaransa chote kilinikimbia, wallahi, hata salamu."

Akaambiwa arudi mara moja tu. Akishindwa tena, basi, masomo yameishia hapo.

Bi Mwanarehema, aliyekuwa akimwoza binti yake wiki hiyo, alimkuta akikoroga hina huku machozi yanamtoka. Alipoelezwa kisa, mama huyo akaangua kicheko.

"Watu watatu tu ndio wakunyamazishe, mwanangu? Jumamosi nina wanawake sitini hapa kwangu. Simama useme nao hicho Kifaransa chako."

"Hawatafahamu hata neno, mama."

"Nani kakwambia twataka kufahamu? Twataka kukusikia."

Basi siku ya hina, biriani imeliwa na ngoma haijaanza, Swabra akasimama katikati ya ukumbi akaanza kutetea utafiti wake. Akikwama, wanawake wanapiga vigelegele mpaka neno limjie. Akimaliza hoja, wanamtupia asumini. Mjambere haijapata kuona kioja kama hicho! Lakini alisema mpaka mwisho, na wiki iliyofuata akasema tena mbele ya watahini wale wale. Wakampitisha.

Tangu hapo mtaa mzima unamwita daktari, ingawa bado ana sura mbili za tasnifu hajaziandika.

"Mwacheni aitwe," asema Bi Mwanarehema, kifua mbele. "Daktari huyu tumemzaa sisi. Vigelegele vyetu vimo mle ndani."

Swabra anatarajia kumaliza mwakani, inshallah. Wenzake wanamshauri atafute kazi ya kufundisha chuoni, naye hakatai. Ila anasema kabla ya hiyo kuna kazi nyingine: kuigeuza tasnifu yake iwe kitabu cha Kiswahili, na nakala ya kwanza ipelekwe nyumbani kwa Bi Mwanarehema.

"Wanawake hawa walinisikiliza kwa lugha wasiyoijua," asema. "Nitakosaje kuwaambia kwa yao?"